Kupima Afya ya Chaza kwa Damu Yake: Mwongozo Kamili kwa Pwani ya Mtwara na Lindi

Chupa ya maji iliyochotwa gatini asubuhi inaeleza maji ya asubuhi ile tu. Boti likimwaga oili chafu mchana, au mvua ya usiku ikasomba taka za mtaani hadi baharini, chupa haijui. Chaza aliyeshikamana na mwamba palepale anajua, kwa sababu huchuja maji muda mwingi anapokuwa amefunikwa na bahari, na kila kilichomo hupita kwenye matamvua yake. Mwaka 1975 Edward Goldberg wa Marekani alipendekeza kome na chaza wafanywe walinzi wa pwani, wapimwe kwa utaratibu mmoja kila mahali. Kilichopimwa wakati huo ni kiasi cha sumu ndani ya nyama. Hapa tunakwenda hatua moja mbele: sumu hiyo imemfanya nini chaza mwenyewe? Jibu tunalitafuta kwenye seli za damu yake.

Chaza hatengenezi kingamwili kama binadamu. Ulinzi wake unategemea zaidi seli zinazozunguka kwenye damu, ambazo humfuata mdudu, humzingira, humeza na kumsaga. Ilya Metchnikoff aliiona kazi hii mwaka 1882 kule Messina, Italia, alipochoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pwani na kukuta seli zimeuzunguka. Ndani ya seli hizo mna vifuko viitwavyo lisosomu, vyenye vimeng'enya vya kusagia. Madini kama kopa na kadimiamu, pamoja na masalia ya mafuta ya dizeli, hujilimbikiza kwenye vifuko hivyo na kudhoofisha kuta zake. Ukuta wa lisosomu huanza kuvuja mapema sana, chaza angali anafunga gamba vizuri na ukimtazama huoni kasoro.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: namba moja peke yake haina maana. Seli za chaza hubadilika kwa jua, kwa mvua, kwa uzazi, kwa kupigwa nyundo na kwa safari ya bodaboda. Kazi kubwa ya mpimaji ni kuhakikisha chaza wa kituo kimoja wametendewa sawasawa na wa kituo kingine, na makosa mengi yanayoharibu kipimo hiki hutokea pwani, kabla hadubini haijawashwa.

Chagua mnyama kwanza

Majina ya mtaani hubadilika kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine, kwa hiyo andika na jina la kisayansi. Anayefaa zaidi kwetu ni chaza wa mwambani na kwenye mizizi ya mikoko, Saccostrea cucullata. Anapatikana pwani nzima, hahami, na seli zake za damu hazina rangi.

Kombe wa mchangani, Anadara antiquata, huwavutia wengi kwa kuwa akina mama humwokota kwa wingi wakati wa bamvua na ni rahisi kumpata bila tindo. Kwa kipimo cha rangi kitakachoelezwa mbele, mwache. Kombe huyu ana himoglobini ndani ya seli zake, damu yake ni nyekundu kweli, na rangi nyekundu tunayotumia hupotea machoni. Anaweza kufaa kwa kuhesabu seli na kwa kipimo cha hewani kilichoelezwa mbele.

Chukua ukubwa mmoja tu, gamba la sentimita 4 hadi 5 kutoka bawaba hadi ukingo. Wakubwa na wadogo hawana kinga sawa. Kila kituo kinahitaji chaza 15: 10 hadi 12 wa kupimwa, waliobaki wa akiba, maana wapo watakaovunjika au kutoa damu chafu.

Vituo, majira na ruhusa

Unahitaji angalau vituo vitatu: kimoja karibu na chanzo unachokishuku (gati, mdomo wa mfereji, ufukwe wa kuegesha maboti), kimoja cha kati, na kimoja mbali na mji. Mtu wa Mtwara Mjini anaweza kuweka kituo upande wa bandari, kingine ndani ya Ghuba ya Mikindani, na cha kulinganishia upande wa Msimbati. Mtu wa Lindi atazame mdomo wa mto Lukuledi kwa uangalifu wa pekee, kwa sababu pale chumvi hushuka mvua ikinyesha na chaza huumwa kwa maji yasiyo na chumvi hata pasipo sumu yoyote. Kituo cha kulinganishia nacho kiwe na chumvi inayokaribiana na vingine. Kosa la kawaida ni kulinganisha chaza wa mtoni na chaza wa mwamba wa bahari kuu, kisha tofauti yote ikaitwa uchafuzi.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, hivyo omba kibali cha hifadhi kabla ya kung'oa hata chaza mmoja. Kwingineko anza na serikali ya kijiji, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufukwe (BMU) na afisa uvuvi wa halmashauri. Usikate mizizi ya mikoko ili kupata chaza, mbandue tu.

Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Pima mara mbili kwa mwaka kwa uchache: Septemba au Oktoba, kusi linapoishia na pwani imekauka, na tena Februari au Machi. Kipimo cha kiangazi kinaonyesha uchafu wa kila siku wa bandari na mji. Cha masika kinaongeza kile kilichosombwa na maji kutoka mashambani na mitaroni, zikiwemo dawa zilizopulizwa mikorosho miezi ya ukavu. Ukipima mara moja tu huwezi kutenganisha hayo mawili.

Chagua siku za bamvua, ukiwahi maji yanapoanza kupwa. Chaza aliyekaa hewani kwa muda wa saa nne kwenye jua la saa saba si sawa na aliyetoka majini sasa hivi, basi chukua wote kwenye usawa mmoja wa mwamba na ndani ya nusu saa baada ya maji kuwaacha. Vituo vitatu havimaliziki kwenye kupwa kumoja. Tumia siku tatu mfululizo, saa ikisogea kidogo kila siku kufuata maji. Andika hapohapo joto la maji, chumvi kwa rifraktomita, saa, hali ya mawimbi, na kama kuna mafuta yanayoelea au harufu ya maji taka.

Ikiwa bajeti inaruhusu, iko njia iliyo bora kuliko kuvuna wa kila mahali. Chukua chaza wa ukubwa mmoja kutoka kituo kimoja safi, wagawe kwenye vikapu vya wavu wa plastiki, uwafunge kwenye vigingi kama vya shamba la mwani katika kila kituo, kisha urudi baada ya wiki nne. Hapo wote wana asili moja na kilichowatofautisha ni maji waliyokaa. Weka kikapu usawa usiokauka kabisa, na mwombe mwenye shamba la mwani wa jirani akiangalie. Kikapu kisicho na mwangalizi huibwa au hupasuliwa na nanga.

Kuvuna na kusafirisha

Chaza huyu hujigandisha kwenye mwamba kwa gamba lake la kushoto, lile lenye kina. Ingiza tindo nyembamba chini ya gamba, gonga kwa nyundo ndogo mara chache, na ukisikia gamba limepasuka, huyo si wa kupimwa. Mtikisiko wenyewe huamsha seli za kinga, kwa hiyo hakuna chaza wa kupimwa damu siku aliyong'olewa.

Wapange kwenye deli, gamba lenye kina likiwa chini, wafunike kwa gunia au mwani uliolowa maji ya bahari ya palepale. Barafu iwe kwenye mfuko na itenganishwe nao kwa gazeti au godoro jembamba. Barafu ikiyeyuka juu yao, maji baridi yasiyo na chumvi yataua seli na utapata "uchafuzi" uliotengeneza mwenyewe. Lengo ni nyuzijoto 18 hadi 22, si baridi ya samaki wa kuuza. Usiwatumbukize kwenye ndoo ya maji ukawafunika kwa safari ndefu, hewa huisha.

Maabara, wasugue magamba kwa brashi, uwaweke kwenye maji ya bahari yaliyochujwa, yenye chumvi ya kituo chao, na pampu ya hewa ya tangi la samaki ikiwaka. Saa 24 zinatosha kutulia. Zaidi ya siku mbili hazifai: lisosomu huanza kupona na tofauti uliyoifuata hufutika.

Michanganyiko

Maji ya chumvi ya maabara kwa lita moja: HEPES gramu 4.77, sodiamu kloraidi gramu 25.48, magnesiamu salfeti (yenye maji saba) gramu 13.06, potasiamu kloraidi gramu 0.75, kalsiamu kloraidi (yenye maji mawili) gramu 1.47. Yeyusha kwenye maji yaliyokenekwa kama mililita 900, rekebisha pH hadi 7.36 kwa sodiamu haidroksaidi, kisha jaza hadi lita. Weka kwenye friji, na kabla ya kutumia yaache yafikie joto la chumba. Maji ya betri ya dukani usiyatumie bila kuyapima kwanza, maana kopo la maji na kopo la asidi hukaa rafu moja.

Mchanganyiko huu unakaribia bahari yenye chumvi ya 35 (gramu 35 kwa kilo ya maji). Chaza hana uwezo wa kudhibiti chumvi ya damu yake. Damu hufuata maji aliyomo. Chaza wa Lukuledi aliyekaa kwenye chumvi ya 22 akichanganywa na maji haya, seli zake zitasinyaa palepale. Kwa kituo kama hicho punguza sodiamu kloraidi hadi rifraktomita isome sawa na maji ya kituo, na uandike umefanya hivyo.

Rangi: nyutrali redi miligramu 20 kwenye mililita 1 ya kiyeyushi kiitwacho DMSO. Huu ndio mchanganyiko mama. Ufunike kwa karatasi ya foili na uuweke kwenye friji, unadumu wiki mbili hivi. DMSO huganda chini ya nyuzijoto 18 au 19, basi usishangae kuikuta ngumu. Iache iyeyuke yote na uitikise kabla ya kuchota, la sivyo utachota rangi pungufu. Vaa glavu, kwa kuwa DMSO hupenya ngozi na kuingiza kilichoyeyushwa ndani yake. Kila asubuhi ya kazi chota maikrolita 10 za mama na uzitie kwenye mililita 5 za maji ya chumvi ya maabara. Ukiona vijiti vidogo vyekundu kwenye hadubini, rangi imejitenga. Chuja au tengeneza upya. Rangi ya jana imwagwe kwenye chombo cha taka za kemikali.

Slaidi: chukua poli-L-lisini ya asilimia 0.1, punguza mara kumi kwa maji yaliyokenekwa, sambaza maikrolita 10 katikati ya slaidi na uache ikauke. Bila gundi hii seli husombwa wakati wa kumwaga, na zinazobaki ni zile zenye nguvu tu. Kituo kichafu kitaonekana kizuri kuliko kilivyo.

Kutoa damu

Msuli wa kufungia gamba wa chaza uko mbali na bawaba, kama theluthi mbili ya urefu, umeegemea upande mmoja. Pasua chaza mmoja wa akiba uuone kabla ya kugusa wa kupimwa. Kisha kwa tupa nyembamba kata pengo dogo kwenye ukingo wa gamba mkabala na msuli. Mwinamishe, maji ya ndani ya gamba yamwagike yote, kausha pengo kwa karatasi laini. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayoleta mchanga, bakteria na makamasi kwenye bomba.

Tumia bomba la sindano la mililita 2 na sindano ya geji 23. Vuta kwanza mililita 0.5 za maji ya chumvi ya maabara, choma ndani ya msuli, vuta polepole damu mililita 0.5. Ukivuta kwa nguvu seli hupasuka ndani ya sindano, na bomba linaweza kuvuta hewa. Ng'oa sindano ndipo umimine damu kwenye kichupa kidogo kilicho juu ya barafu. Kuisukuma tena kupitia sindano ni kuziumiza seli mara ya pili.

Damu nzuri ni angavu au yenye ukungu kidogo. Nyeupe kama maziwa ina mbegu za uzazi: sindano imegusa viungo vya uzazi. Mtupe huyo, chukua wa akiba. Wakiwa wengi wa namna hiyo katika kituo kimoja, msimu wa kuzaa umefika, na kinga huwa chini kwa sababu zisizohusu uchafuzi. Ahirisha.

Seli za chaza hupenda kushikamana na kuwa mabonge. Fanya haraka, chaza mmoja baada ya mwingine, slaidi ndani ya dakika chache.

Hesabu ya seli na uhai wake

Hiki ni kipimo chepesi, kifanywe kwa kila chaza. Changanya damu iliyokwisha kupunguzwa na tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu) ya asilimia 0.4 kwa ujazo sawa, subiri dakika 3, weka kwenye kioo cha kuhesabia cha Neubauer. Tripani bluu ya hospitali imetengenezwa kwa seli za binadamu na chumvi yake ni ndogo. Itapasua seli za chaza na zote zitageuka buluu. Nunua ya unga, uyeyushe kwenye maji ya chumvi ya maabara.

Hesabu miraba minne mikubwa ya pembeni. Mfano: ukipata 31, 29, 36 na 32, jumla ni 128, wastani 32. Zidisha kwa 10,000, kisha kwa 4 (mara mbili kwa maji ya bomba, mara mbili tena kwa tripani bluu): seli 1,280,000 kwa mililita ya damu. Chaza wengi huangukia kati ya laki moja na milioni kumi, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya vituo usiipigie kelele. Seli za buluu zikizidi asilimia 10, shuku mikono yako kabla ya kushuku bahari, na usiendelee na chaza huyo.

Huwezi kuhesabu siku hiyohiyo? Chota damu kwa bomba lenye kinga ya mgando: glukosi gramu 20.8, sodiamu sitreti gramu 8, EDTA gramu 3.36 na sodiamu kloraidi gramu 22.5 kwa lita, halafu uhifadhi kwa fomalini. Kwa seli zilizohifadhiwa hivyo tripani bluu haina kazi tena. Utahesabu idadi tu. Damu yenye EDTA isiende kwenye slaidi za vipimo vinavyofuata. EDTA huiondoa kalsiamu, na seli bila kalsiamu haishiki kioo wala haimezi vizuri.

Kipimo kikuu: lisosomu hushika rangi kwa muda gani

Nyutrali redi hupenya seli ikiwa haina chaji, ikiingia kwenye lisosomu yenye asidi hupata chaji na kunaswa humo. Ukuta ukiwa mzima, rangi hukaa kifukoni. Ukidhoofika, rangi huvuja na seli nzima hugeuka waridi. Tunapima dakika.

Washa kiyoyozi, chumba kiwe nyuzijoto 25 na kibaki hapo hadi mwisho. Tayarisha sanduku lenye kifuniko, karatasi zilizolowa chini na vijiti viwili vya kuinulia slaidi. Weka maikrolita 40 za damu kwenye slaidi, ifunike gizani dakika 15 seli zishike. Inamisha slaidi, maji ya ziada yatiririke kwenye karatasi, usioshe. Ongeza maikrolita 40 za rangi, rudisha gizani dakika 15, kisha weka kioo cha kufunikia bila kukibonyeza.

Tazama kwa ukuzaji wa mara 400 dakika ya 15 tangu kuweka rangi, tena ya 30, halafu kila baada ya dakika 30: 60, 90, 120, 150, 180. Kila mara tazama seli 50 hivi, za punje tu (zile zenye chembechembe nyingi ndani), kwenye sehemu mbalimbali za slaidi. Seli nzima imetandaa, ina miguu bandia, na vifuko vidogo vyekundu vyenye mipaka safi. Seli iliyoshindwa ina vifuko vilivyovimba au kuunganika, uwaridi uliosambaa nje ya vifuko, au imejikunja ikawa duara. Nusu ya seli zikifikia hapo, andika muda wa mwisho ambao slaidi ilikuwa bado nzima, na slaidi hiyo imekwisha.

Taa ya hadubini ni adui wa kipimo hiki. Rangi hii ikipigwa na mwanga huzalisha kemikali zinazoharibu ukuta wa lisosomu, kwa hiyo slaidi isikae chini ya taa zaidi ya dakika moja, na taa iwe hafifu. Ndiyo sababu slaidi 10 kwa kipindi zinatosha, zikianzishwa kwa kupishana dakika mbili. Anayeleta slaidi 30 kwa pamoja atasoma tano vizuri, zilizobaki atakisia.

Msomaji asijue slaidi ni ya kituo gani. Mwenzake azipe namba za siri na aweke daftari la siri hadi mwisho. Macho yanayojua "hii ni ya bandarini" huona uwaridi mapema, na hilo humpata hata mtu mwaminifu kabisa.

Kabla ya kupima pwani halisi, hakiki mikono yako. Yeyusha kopa salfeti (yenye maji matano) miligramu 196 kwenye lita ya maji yaliyokenekwa. Mililita 1 ya hayo kwa kila lita ya maji ya bahari hutoa kopa maikrogramu 50 kwa lita. Weka chaza watano humo siku tatu, na watano wengine kwenye maji safi, ukibadilisha maji kila siku. Kama huoni tofauti ya dakika kati ya makundi hayo, utaratibu wako una tatizo. Maji ya kopa yasirudishwe baharini.

Kuwalisha hamira

Kipimo hiki kinaonyesha kama seli bado zinafanya kazi yake. Chukua hamira kavu ya mkate gramu 0.3, itie kwenye mililita 10 za rangi ya kongo redi ya asilimia 0.8, chemsha dakika 15 kwenye maji yanayotokota. Osha kwa maji ya chumvi ya maabara mara nyingi, hadi maji ya juu yawe angavu. Hesabu kwenye Neubauer, punguza hadi chembe milioni 5 kwa mililita.

Weka maikrolita 50 za damu iliyopunguzwa kwenye slaidi yenye gundi, dakika 20. Mwaga, ongeza maikrolita 50 za hamira. Kwa damu ya kawaida hizo ni chembe kumi hivi kwa kila seli. Subiri dakika 60 kwa nyuzijoto 25, suuza taratibu, na uhesabu seli 200. Andika asilimia ya seli zilizomeza walau chembe moja, na wastani wa chembe kwa kila seli iliyomeza. Chembe iliyomezwa imezungukwa na duara angavu ndani ya seli. Iliyogusa tu ngozi haihesabiwi, na kwa wanaoanza ni rahisi kuzichanganya. Andaa slaidi moja ya kila chaza ikae kwenye friji kwa nyuzijoto 4 muda uleule. Kwenye baridi seli hazimezi, basi kila "iliyomezwa" unayoiona humo ni kosa la kupunguza kwenye hesabu.

Pasipo hadubini

Kikundi cha BMU kisicho na maabara kinaweza kupima kustahimili hewa. Weka chaza 30 wa kila kituo, ukubwa mmoja, kwenye trei kivulini, chumba kimoja, juu ya karatasi iliyolowa maji ya bahari na kufunikwa wasikauke kabisa. Kila siku saa ileile gusa gamba lililoachama. Asiyefunga amekufa, mwondoe na uandike. Siku ambayo nusu wamekufa ndiyo kipimo. Chaza waliochoka na sumu hufa mapema. Hawaliwi baada ya hapo.

Kusoma matokeo

Kwa kome wa Ulaya wataalamu hutumia mipaka hii: dakika 120 na zaidi, mzima; 50 hadi 120, ana msongo lakini anamudu; chini ya 50, ameelemewa. Mipaka hiyo ilitengenezwa kwa kome wa bahari za nchi za baridi. Ukiibandika kwa chaza wa Mikindani utatangaza ugonjwa usiokuwepo. Mpaka wako utoke kwa chaza wa kituo chako cha kulinganishia, waliopimwa kiangazi na masika, kwa mwaka mmoja angalau.

Muda wa rangi huja kwa ngazi, 30, 60, 90, hivyo usitumie wastani. Tumia namba ya katikati (mediani), na kulinganisha vituo viwili tumia kipimo cha takwimu cha Mann-Whitney, vitatu na zaidi Kruskal-Wallis.

Soma vipimo vyote kwa pamoja. Rangi ikivuja mapema na umezaji wa hamira ukashuka, huku chumvi na joto vikiwa sawa na kituo cha kulinganishia, una sababu nzuri ya kusema maji yale yanaumiza. Idadi ya seli ni ya kuangaliwa kwa hadhari: kopa kidogo au bakteria wa maji taka huweza kuipandisha, sumu nyingi ikaishusha, kwa hiyo kupanda si dalili ya afya. Seli nyingi, umezaji mkali na rangi iliyokaa vizuri mara nyingi ni chaza anayepambana na vijidudu. Ikiwa kila kitu kimeshuka vituo vyote siku moja, tafuta kosa kwenye deli, kwenye pH au kwenye rangi.

Damu haitaji jina la sumu. Kituo kikionekana kibaya mara mbili mfululizo, hapo ndipo inafaa kugharamia kupima madini na masalia ya mafuta kwenye nyama: chaza 10 hadi 20 wa kituo hicho, nyama bila gamba, kwenye chombo kilichooshwa kwa asidi kwa ajili ya madini, na kwenye chupa ya kioo kwa ajili ya mafuta, vyote vigandishwe.

Wananchi watauliza kama waendelee kula. Vipimo hivi haviwezi kujibu hilo, na ni wajibu wa mpimaji kulisema waziwazi mbele ya mkutano wa kijiji. Chaza mwenye seli imara anaweza kubeba bakteria wa kinyesi wa kumlaza mtu. Ulaya, kwa chaza wa kuliwa bila kusafishwa, sampuli nne kati ya tano hutakiwa zisizidi E. coli (bakteria wa kinyesi) 230 kwa gramu 100 za nyama na maji yake, na kadimiamu isizidi miligramu 1 kwa kilo. Hivyo ni vipimo vingine, vya maabara nyingine. Hadi vifanyike, chaza wa karibu na mdomo wa mfereji wachemshwe hadi nyama iive kabisa, wakijua kwamba moto huua bakteria ila hauondoi madini.

Kabla ya kupumzika, andika kwenye daftari lile lile tarehe ya bamvua itakayofuata, usawa wa mwamba uliovuna, na chumvi uliyoikuta. Atakayerudi mwezi wa pili anaweza kuwa mtu mwingine, na anahitaji kung'oa chaza palepale.